Neno "Oversight": Jicho Lililosimama na Jicho Lililopita

Kwa miaka mingi nimejipatia riziki kwa kutafsiri barua, ripoti na mikataba kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na katika muda wote huo hakuna neno lililonitoa jasho kama "oversight". Si neno gumu kulitamka, wala si la kitaalamu. Hupatikana katika barua za kuomba radhi, katika taarifa za habari, katika kanuni za vyama na katika majina ya bodi na kamati. Ni neno ambatani, yaani neno moja lililoundwa kwa kuunganisha maneno mawili ambayo kila moja linaweza kujitegemea: "over", lenye maana ya juu ya kitu au ng'ambo yake, na "sight", yaani kuona. Nilipoanza kazi niliamini kwamba anayevijua vipande hivyo viwili amekwisha kulijua neno zima. Imani hiyo ndiyo iliyonifanya nimkosee mtu ambaye hakuwa amenikosea lolote.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo na lilirekebishwa kabla halijatoka ofisini. Nilipewa barua fupi ya kumwomba radhi mtu ambaye jina lake lilikuwa limeachwa katika orodha ya washiriki wa mafunzo. Sentensi yake muhimu ilisema, "The omission of your name was an oversight." Nililigawa neno kama nilivyozoea, nikaona kuna kuangalia na kuna juu, nikakumbuka kwamba mtu anayeangalia kazi kutoka juu ni msimamizi, nikaandika bila wasiwasi: "Kuachwa kwa jina lako kulikuwa ni usimamizi." Mhariri aliyekuwa akinifundisha kazi, mzee mpole ambaye hakuwahi kunipandishia sauti, aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, sentensi hii wewe mwenyewe umeielewa?" Nilipojaribu kumweleza maana yake nikagundua kwamba sikuwa na maelezo. Alinifungulia kamusi, akanionyesha kwamba neno hilo lina maana mbili zisizopatana: ya kwanza ni kazi ya kusimamia jambo ili liende sawa, na ya pili ni kosa linalotokea kwa sababu mtu hakuliona au hakulikumbuka jambo. Kisha akaifuta sentensi yangu na kuandika, "Jina lako liliachwa kwa bahati mbaya, tulipitiwa."

Ningekuwa mwanafunzi makini, ningelitazama vizuri neno hilo la mwisho aliloandika. Badala yake nilifungua daftari langu la msamiati na kuandika mstari mmoja: "oversight, kosa, uzembe". Niliamini nimejifunza. Kwa kweli nilikuwa nimeitupa maana moja na kushika nyingine, na hata hiyo niliyoishika niliishika vibaya, kwa kuwa neno "uzembe" nililiongeza mwenyewe. Mzee yule hakulitaja kabisa.

Kosa la pili lilitokea baada ya miezi kadhaa, na hilo bado linaniuma. Shirika moja lilinipa ripoti yake ya mwaka niitafsiri ili isomwe mbele ya wanachama, ambao wengi wao walitumia Kiswahili katika mikutano yao. Katika sura ya fedha kulikuwa na sentensi hii: "The loss occurred in a fund under the treasurer's oversight." Maana yake ni nyepesi kabisa: hasara ilitokea katika mfuko ambao ulikuwa chini ya usimamizi wa mweka hazina. Sentensi hiyo haikusema nani aliyesababisha hasara, na kurasa mbili mbele ripoti yenyewe ilieleza kwamba hasara ilitokana na mabadiliko ya bei ambayo hakuna aliyeweza kuyazuia. Lakini mimi nilikuwa na haraka, nililiona neno nililodhani nimekwisha kulimaliza, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye mstari wa daftari. Nikaandika: "Hasara hiyo ilitokea katika mfuko kutokana na uzembe wa mweka hazina."

Ripoti ilisomwa kwa sauti mkutanoni nami nikiwa nimeketi nyuma. Msomaji alipofika hapo, ukumbi ulinyamaza. Mweka hazina alikuwa mama wa makamo aliyekuwa ameishika kazi hiyo kwa muda mrefu bila malipo, na wanachama walimheshimu. Alisimama taratibu, akamwomba mwenyekiti ruhusa ya kusema, akauliza, "Ndugu mwenyekiti, naomba nielezwe nimezembea wapi." Mwenyekiti hakuwa na jibu, kwa maana yeye alikuwa ameiidhinisha ripoti ya Kiingereza, na ndani yake hakukuwa na neno lolote la kumlaumu. Ikaletwa nakala ya asili, ikasomwa, wakatazamana, kisha wote wakageuka kunitazama.

Sahihisho lilisomwa siku hiyohiyo na kuingizwa katika kumbukumbu za mkutano. Hata hivyo, mtu akishatajwa kwa uzembe wa fedha mbele ya watu, sahihisho haliwafikii wote waliolisikia tamko la kwanza. Wapo waliokuwa wametoka nje, na wapo walioondoka mapema na habari nusu. Baada ya mkutano nilimfuata mama yule kumwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno ambayo nimeyahifadhi hivi: "Mwanangu, mfuko ule niliusimamia. Ningekuwa nimepitiwa, ningesema mwenyewe kwamba nimepitiwa, maana kupitiwa ni kwa binadamu. Lakini uzembe! Uzembe ni tabia, na tabia hiyo mimi sina."

Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa nikiyarudia maneno yake, kwanza kwa aibu, kisha kwa mshangao, kwa sababu katika pumzi moja na bila kujua neno lolote la Kiingereza lililokuwa limeleta ugomvi huo, mama yule alikuwa ameziweka maana zote mbili za "oversight" kando kwa kando, kila moja kwa neno lake la Kiswahili: kusimamia na kupitiwa. Nikayachambua maneno hayo. Ndani ya "kusimamia" mna kusimama. Ndani ya "kupitiwa" mna kupita. Hapo ndipo nilipoelewa kile ambacho kamusi haikuniambia. Neno "over" katika Kiingereza lina njia mbili: kitu kinaweza kukaa juu ya kingine, na kinaweza kupita juu yake kikaenda zake. Jicho likisimama juu ya jambo, huo ni usimamizi. Jicho likipita juu ya jambo bila kutua, hapo mtu amepitiwa. Kiingereza kimezifunga njia zote mbili katika neno moja. Kiswahili kilikuwa kimezitenganisha tangu zamani, nami mzungumzaji wake sikuwa nimeliona hilo.

Tangu hapo nilianza kulifuatilia neno hili kwa dhati, nikaona kwamba utata wake si wa jana. Maana ya usimamizi inapatikana katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14, na maana ya kosa la kutoona ilifuata katika karne ya 15. Tafsiri ya Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 kwa amri ya mfalme James inazo zote mbili. Katika Mwanzo sura ya 43, Yakobo anapowatuma wanawe warudi Misri na zile fedha zilizokutwa katika magunia yao, anawaambia kwamba huenda ilikuwa "an oversight", yaani huenda mtu alipitiwa. Katika Waraka wa Kwanza wa Petro sura ya 5, wazee wanaagizwa kulichunga kundi la Mungu kwa kuchukua "the oversight" yake, yaani kulisimamia. Kitabu ni kimoja na neno ni moja, na msomaji wa wakati ule aliachiwa muktadha umwongoze, kama anavyoachiwa msomaji wa leo.

Maana ya usimamizi ina ndugu wengi, na kuwajua kulinisaidia kuikumbuka. Kilatini kilikuwa na "super", juu, na "videre", kuona, na kutoka hapo Kiingereza kikapata "supervise", ambalo kwa muundo wake ni pacha kamili wa "oversee". Kigiriki nacho kilikuwa na "episkopos", kutoka "epi", juu ya, na "skopos", mwenye kutazama. Neno hilo likasafiri kupitia Kiarabu hadi likatufikia likiwa "askofu". Kwa hiyo kila anayemtaja askofu kwa Kiswahili anatamka, bila kukusudia, neno la kale lenye maana ya mtu aliyewekwa juu ili aangalie. Napenda sana ushahidi wa namna hii, kwa sababu unaonyesha kwamba wazo la jicho lililo juu halikuwa mali ya Waingereza peke yao.

Inafaa nieleze namna ninavyozitofautisha maana hizo sasa, kwa kuwa sikio halisaidii: matamshi ni yaleyale na mkazo uko palepale, katika silabi ya kwanza, kwa maana zote mbili. Msaada uko katika maneno madogo yanayolizunguka, ambayo mtafsiri mwenye haraka huyaruka. Neno likitanguliwa na "an", au likiwa katika wingi, "oversights", karibu kila mara ni kosa, kwa sababu makosa huhesabika. Usimamizi katika Kiingereza hauhesabiki, ndiyo maana "oversight" ya usimamizi husimama bila "an" na haina wingi. Maneno yanayolitangulia nayo hutoa ushahidi: "by an oversight" na "due to an oversight" ni za kosa, ilhali "under the oversight of" ni ya usimamizi. Sentensi iliyoniangusha ilikuwa na "under" mbele yake, ikinipungia mkono, nami sikuitazama. Vitenzi vile vile vina upande: bodi ikifanya "exercise" au "provide", kinachotolewa ni usimamizi, mtu akifanya "correct" au "apologise for", kinachozungumziwa ni kosa. Tena "lack of oversight", ambayo wanafunzi wengi huitafsiri kana kwamba ni kukosekana kwa makosa, maana yake ni kukosekana kwa usimamizi, na kwa hiyo ni lawama nzito.

Kinachotatiza zaidi ni kwamba nomino hii moja inatumikia vitenzi viwili ambavyo vyenyewe havichanganyiki. Kitenzi "oversee" katika matumizi ya leo ni kusimamia tu. Huwezi kukitumia kwa mtu aliyesahau jambo. Kwa upande wa kusahau kuna "overlook", nacho kina matawi yake: nyumba inaweza kufanya "overlook" ya bonde, yaani ikawa mahali ambapo bonde lote huonekana, mtu anaweza kufanya "overlook" ya jambo dogo, yaani likampita, na anaweza kufanya "overlook" ya kosa la mwenziwe, yaani akaliona vizuri lakini akaamua kulisamehe. Tawi hili la mwisho halimo katika "oversight". Nimewahi kusoma tafsiri ambamo "oversight" iligeuzwa kuwa kufumbia macho, na nilisikitika, kwa sababu anayefumba macho ameamua. Aliyepitiwa hakuamua chochote.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo nilipomjeruhi mama yule. Kiswahili kina ngazi nzima ya maneno kwa mtu ambaye hakutimiza jambo, na ngazi hiyo ina uzito wa kimaadili. Kupitiwa ndiyo ngazi ya chini kabisa. Kunaweza kumfikia mtu mwangalifu kuliko wote, na muundo wenyewe wa neno unamwondolea lawama, kwa kuwa ni kauli ya kutendwa: jambo ndilo lililompita, yeye hakulipita. Ndiyo maana tunasema pia kwamba mtu alipitiwa na usingizi, na hakuna anayemshitaki mtu kwa usingizi uliompitia. Kughafilika kuko karibu na hapo. Kusahau kunaanza kumgusa mtu mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye mtenda. Kupuuza ni kukusudia. Uzembe ni mazoea ya kutojali, na mbele ya waajiri au mahakama neno hilo linaweza kumwondoa mtu kazini. Neno la Kiingereza lenye maana ya uzembe ni "negligence", na mwandishi wa Kiingereza anapochagua "oversight" badala yake, mara nyingi amechagua kwa makusudi neno lisiloumiza. Mtafsiri akiandika "uzembe" amebatilisha uamuzi huo na kutoa hukumu ambayo hakuna aliyempa mamlaka ya kuitoa. Siku hizi naandika "kupitiwa", au "kosa lisilokusudiwa" pale hati inapohitaji lugha rasmi zaidi.

Kadiri nilivyolifikiria neno "kupitiwa", ndivyo nilivyogundua kwamba Kiswahili nacho kina mtego wake unaofanana mno na ule wa Kiingereza. Tunasema mhasibu "amezipitia" hesabu, tukimaanisha kwamba amezikagua mstari kwa mstari. Tunasema mhasibu "amepitiwa", tukimaanisha kwamba kuna mstari ambao hakuuona. Mzizi ni uleule, kupita, na kinyambuo ni kilekile, kupitia. Kilichobadilika ni nani anayempitia nani. Aidha, tukisema "hesabu zimepitiwa" tunamsifu mkaguzi, lakini tukisema "mkaguzi amepitiwa" tunamwonea huruma. Mgeni anayejifunza Kiswahili akikutana na sentensi hizo mbili katika ukurasa mmoja atahangaika kama nilivyohangaika mimi. Ugunduzi huo uliniondolea hasira niliyokuwa nayo dhidi ya Kiingereza, maana nilikuwa nimezoea kusema kwamba ni lugha isiyo na nidhamu. Kazi ya jicho ndiyo yenye pande mbili, na lugha inayoisema kwa uaminifu hukaribia kujikwaa.

Maana ya usimamizi imepata nguvu sana katika majina ya vyombo rasmi. Mwaka 2002, baada ya kashfa za hesabu katika kampuni kubwa za Marekani, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyounda bodi ya kuwasimamia wakaguzi wa kampuni zenye hisa sokoni, na jina rasmi la bodi hiyo lina neno "Oversight" ndani yake. Mwaka 2020 bodi iliyoundwa kutathmini maamuzi ya Facebook kuhusu maudhui ilianza kazi ikiitwa "Oversight Board". Majina kama haya hayamtatizi msomaji makini, lakini nimeona tafsiri za haraka, hasa za mashine, zikiiita bodi ya namna hiyo "bodi ya uangalizi" katika aya moja na "bodi ya makosa" katika aya inayofuata. Mimi huchagua "usimamizi" au "uangalizi" mwanzoni mwa hati na kushikamana na chaguo hilo hadi ukurasa wa mwisho, ili msomaji asidhani kwamba ni bodi mbili.

Zipo sentensi ambazo hata maneno madogo hayawezi kuziokoa. Umiliki ndio adui mkubwa: ukisema "the committee's oversight", hakuna "an", hakuna wingi, hakuna "under", na kamati inaweza kuwa imesimamia au imepitiwa. Zamani ningekisia kwa kufuata hisia ya aya nzima. Tangu siku ya mkutano ule nimejiwekea sharti kwamba neno hili likikaa katika hali hiyo na likiwa karibu na jina la mtu au chombo, sikisii. Namwandikia mwandishi na kumuuliza. Wapo wateja wanaokerwa, wakiona kwamba mtafsiri anayeuliza ni mtafsiri asiyejua. Nawaelewa, lakini sharti langu halibadiliki.

Hivi karibuni nilipokea ripoti iliyokuwa na sentensi hii: "The report notes the board's oversight in this matter." Ilikuwa peke yake mwishoni mwa sura, bila maelezo mbele wala nyuma. Niliiwekea alama ya kuuliza, nikamwandikia mwandishi, nikaendelea na kurasa nyingine. Mteja alinipigia simu siku ya pili akitaka kazi, nikamwambia kwamba imebaki sentensi moja. Alinipigia tena siku ya tatu, na jibu langu likawa lilelile. Jioni ya siku hiyo mwandishi alijibu kwa mshangao kwamba alikusudia kuipongeza bodi, na kwamba hakuwahi kufikiri sentensi yake ingeweza kusomeka kama lawama. Akasema atabadilisha nakala ya Kiingereza iwe na kitenzi "oversaw". Nikarudi kwenye ukurasa, nikaifuta alama yangu, nikaandika: "Ripoti inatambua namna bodi ilivyolisimamia jambo hili." Kisha nikaipitia hati yote tangu mwanzo kabla ya kuituma.